Mbwa Asiyetaka Kusalimiwa

Dada wa kituo cha mbwa na paka waliotupwa aliniambia sharti lake ni dogo tu. Mgeni yeyote atakayeingia kwangu ampite yule mbwa kama anavyopita tofali. Asimtazame usoni, asimwite, asimpigie mluzi, asimnyooshee mkono, na zaidi ya yote asimsalimie. Mbwa akishapuuzwa vya kutosha, alisema, atatulia mwenyewe, na akitulia atapata watu wa kumchukua moja kwa moja. Nilimwitikia kwa kichwa kama mtu mwenye akili zake timamu. Nilikuwa nimesahau kwamba naishi Temeke, ambako ukikatiza uani kwa mtu bila kusalimia, jioni mnaitiwa kikao.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Mbeya, na nimejaliwa mdomo. Siku ile sikwenda kituoni kuchukua mbwa. Nilimsindikiza mwalimu mwenzangu aliyekuwa akitafuta paka wa kufukuza panya. Yeye akapata paka wake, akatoka. Mimi nikabaki nimesimama mbele ya kibanda cha mwisho, kwa sababu mle ndani kulikuwa na mbwa wa kahawia aliyejibana kwenye kona, uso kaugeuzia ukutani, anatetemeka mpaka bati alilolilalia linalia. Nikauliza ana nini. Dada akasema ana woga. Alikwisha kuchukuliwa mara mbili na mara zote mbili akarudishwa, kwa sababu anawarukia wageni na kubweka hadi sauti inakauka. Kituo kilikuwa kimejaa, na daktari wa mifugo alikwisha kusema kwamba mbwa asiyechukulika hawezi kuzuia nafasi ya wengine. Dada alisema hayo kwa upole huku akimtazama mbwa, na sikuhitaji kuambiwa kwamba kilichobaki ni sindano.

Hapo mdomo wangu ukafanya kazi yake. Nikasema nitakaa naye mimi mpaka nimtafutie kwao.

Dereva wa bajaji alitaka kujua kwenye boksi kuna nini. Nikamwambia ni beberu. Mbwa alinisaidia kwa kutotoa hata mlio mmoja njia nzima. Tulipofika, dereva alishusha boksi, akanusa, akaniambia huyu beberu wangu lazima atakuwa amesoma, maana hanuki kama wenzake. Nikamwambia ametoka Mbeya.

Uongo ule nilikuwa naufanyia mazoezi, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa inanisubiri nyumbani. Nilikuwa nimepanga upande wa nyuma wa nyumba ya mama mmoja wa Kizaramo, mjane, mtu wa swala tano, aliyefuga kuku wa kienyeji na mbuzi wawili kwenye ua ambao sote tuliutumia. Hakuwahi kuniambia lolote kuhusu mbwa. Mimi ndiye niliyejiambia yote: huyu ni Mwislamu safi, ua ni mmoja, akimwona mbwa nitatupiwa virago barabarani, na mbwa atawekwa juu yake. Kwa hiyo nikaamua asimwone.

Mwanzoni mpango ulikwenda vizuri, maana mbwa aliingia chini ya kitanda changu na kuhamia huko. Alikula nikiwa kazini na kunywa maji nikiwa nimelala. Kisha muuza mkaa akapita na kupiga hodi kwa ile sauti yao ya kuamsha mtaa, na chini ya kitanda kukalipuka. Kesho yake nilimwamkia mama mwenye nyumba, akaitikia marahaba, halafu akaniuliza ile sauti ya jana ilikuwa ya nini. Nikamwambia ni mlio wa simu yangu. Aliwaza kidogo huku akiwamwagia kuku pumba.

"Basi mwambie huyo anayekupigia apunguze hasira," akasema.

Huwezi kumficha mbwa milele, hasa mbwa mwenye kibofu. Nilianza kumtoa mbwa uani wakati mama yuko sokoni Tandika, kisha akiwa kwenye shughuli za watu, kisha siku moja akarudi mapema akatukuta. Hakusema neno. Alipita mbali, macho mbele, akaingia ndani. Tangu siku hiyo mbwa akawa anashinda uani kwenye kivuli cha tenki la maji, na mama akawa anapita vilevile, mbali, macho mbele, kimya. Mimi nilikifahamu kimya cha wenye nyumba. Kinakujaga kabla ya notisi. Nikaona nimtafutie mbwa mtu haraka, kabla hatujakosa pa kulala wote wawili.

Nikatuma tangazo kwenye magrupu yote ya simu niliyomo, la kwaya, la walimu, hadi la harusi ya binamu yangu ambayo ilikwisha kufungwa. Niliandika kwamba mbwa mpole anatafuta nyumba. Neno mpole lilikuwa kweli kabisa, ukimtazama akiwa anakukimbia.

Wa kwanza kuja alikuwa mwenye baa kutoka Sinza. Alishuka kwenye gari na mnyororo ambao ungeweza kuvuta fuso iliyokwama. Nilimweleza sharti getini, akasema sawa, akaingia, akasimama katikati ya ua mikono kiunoni, akamkodolea mbwa macho. Mbwa akapasuka. Alibweka, akarudi nyuma, akajigonga kwenye tenki, akabweka tena. Yule bwana alifurahi kama aliyekuta mzigo wake bandarini umeshatolewa ushuru. Akaniuliza namlisha pilipili kiasi gani, kwa sababu watu wengi wa mji huu wanaamini mbwa akilishwa pilipili na kufungiwa gizani mchana kutwa, jioni anatoka simba. Nikamuuliza kwake atalala wapi. Akanionyesha kwa mikono ukubwa wa sanduku la mbao na mahali pa tundu la kupumulia.

Wakati anaonyesha, mbwa alikuwa amejikojolea. Yeye alidhani ni tenki linavuja.

Nilishusha uso, nikamwambia kwa masikitiko kwamba kuna jambo moja sikuliandika kwenye tangazo, mbwa ana kifafa, na kinamshika zaidi akisikia muziki. Mwenye baa akakunja mnyororo wake taratibu. Nilijipongeza kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha nikakumbuka kwamba nimemfukuza mtu pekee aliyempenda mbwa wangu jinsi alivyo.

Wa pili walikuwa mke na mume kutoka Mbezi, wasomi, wapenzi wa mbwa wa kupitiliza. Nilipowapa sharti walicheka, wakasema hayo yote wanayajua, wameyaona kwenye video. Mume aliingia uani, akapiga magoti, akabusu hewa, akamnyooshea biskuti na kumwambia hujambo mzuri wangu. Yule mzuri wake akamwachia suruali yenye mlango mpya pembeni ya goti. Ngozi haikuguswa, nilikagua mwenyewe huku nikiomba radhi kwa lugha mbili. Walipoondoka waliniahidi kuliombea jambo hilo. Mtu wa Dar akikuambia ataliombea jambo lako, ujue limekufa.

Wa tatu hakuja kumchukua. Alikuwa mzee wetu wa kanisa, aliyesikia habari na kusema ile ni roho ya woga na dawa yake anayo. Shikamoo nilimpa, kiti nikampa, sharti nikampa. Alinihakikishia kwamba hatamgusa mbwa wala kumsemesha, ataongea na aliyeko juu tu. Kisha akafumba macho na kunyoosha mkono. Maombi yale yalianzia kwenye kiti na kumalizikia juu ya ukuta wa banda la mbuzi, na alipokuwa huko juu aliyafupisha sana. Mbuzi mmoja alimlamba kiatu.

Niseme ukweli, hata mimi mwenyewe sharti lilinishinda. Nimelelewa kwamba kumpita kiumbe asubuhi bila kumjulia hali ni kumtakia mabaya. Nilikuwa nikifungua mlango tu, mdomo unaanza: umeamkaje, umelalaje, mbona chakula hujamaliza. Naye kila nikifungua mdomo anasinyaa, mkia unaingia tumboni, anageukia ukuta. Nilikwenda hadi Vingunguti machinjioni kumnunulia mapupu ya ng'ombe, nikayachemsha, nikayakatakata vizuri kuliko ninavyojikatia nyama yangu, nikachuchumaa kumkaribisha. Alisubiri niondoke. Iliniuma. Nilikuwa nikimpenda yule mbwa kwa nguvu zangu zote, na nguvu zenyewe ndizo zilizokuwa zinamtisha.

Halafu dada wa kituo akapiga simu. Daktari alikuwa anakuja wiki inayofuata. Kama nimepata mtu, vizuri, watakuja kukagua nyumba. Kama sijapata, nimrudishe. Aliongea taratibu, kama mtu anayetamani upande wa pili ukate simu. Jioni ile sikupika, na nilipofundisha kesho yake nilikosea kugawanya mbele ya kidato cha pili, wakanyamaza kwa heshima.

Ilikuwa wiki ya mitihani, tunatoka mapema. Nilirudi nyumbani alasiri, nikasukuma geti, nikasimama palepale. Mama mwenye nyumba alikuwa barazani kwenye mkeka wake, anaswali. Hatua chache kutoka kwake, pembeni ya banda la kuku, mbwa alikuwa amelala. Simaanishi amejikunja. Alikuwa amelala ubavu, miguu ameitupa, tumbo liko wazi kwa yeyote, na tetea mmoja alikuwa anamkanyaga mkia akitafuta chawa. Sikuwahi kumwona akilala hivyo. Mama akasujudu, akainuka, akatoa salamu kulia na kushoto, akakunja mkeka, akampita kuingia ndani. Hakumtazama. Mbwa alifungua jicho moja, akalifunga.

Siku zilizofuata niliwachungulia kupitia nyavu za dirisha kama mke anayefuatilia simu ya mumewe. Mama akienda kuwalisha kuku, mbwa anainuka na kwenda kukaa mahali atakapomwona. Akienda kwa mbuzi, naye huyo. Anakaa mbali, hakuna anayemwita. Mama anafagia, anapepeta, anaongea na kuku wake, na mbwa kwake ni tofali. Lile sharti ambalo mwenye baa, wasomi, mzee wa kanisa na mimi mwalimu mzima tulilivunja dakika ya kwanza, yeye alikuwa akilitimiza tangu siku alipotukuta, na hakuna aliyemwambia. Niliona wivu, na sioni haya kulisema. Mapupu nanunua mimi, tumbo anaonyeshwa mwingine.

Siku mbili kabla ya daktari, mama aliniita barazani. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kulia, kubembeleza, na kama ikibidi kuomba mwezi mmoja wa kuhama. Alinikaribisha mkekani, akanimiminia chai ya tangawizi, akaniacha ninywe nusu.

"Mwalimu, mie si kiziwi," akasema. "Na simu haikojoi kwenye mchicha wangu."

Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza kwa mkono. Akauliza wale watu ninaowaleta kila kukicha kuja kumkodolea macho kiumbe wa watu, namwoza au? Nikamwambia namtafutia kwao.

"Kwao wapi tena?" Akaelekeza kidevu kwenye banda la kuku. "Mwenzio alishapaona. Wewe ndo hujapaona."

Akanieleza kwa utulivu, kama anayenipangia zamu. Tangu mbwa aanze kushinda uani, kicheche hajachukua kifaranga hata kimoja. Vibaka waliomwibia mbuzi mwaka uliopita walipita juu ya ukuta siku mimi nikiwa shule, wakasikia kile kilio, wakarudi walikotoka. Alikwisha kumuuliza sheikh wake, akaambiwa mbwa wa kulinda mifugo hana neno. Mipaka ikiwepo. Mbwa asivuke kizingiti cha mlango wake, awe na sahani yake, mwenye kuiosha niwe mimi maadamu naishi pale, na siku nikihama tutajua.

"Mie simgusi, na yeye asiniguse," alimalizia. "Tutaishi vizuri sana."

Nilitaka kumkumbatia. Akasogea nyuma, akanikumbusha kwamba nimetoka kumlisha mbwa na sijanawa.

Nilimpigia simu dada wa kituo, na kesho yake akaja kukagua. Nilidhani ni kazi ya dakika chache: ukuta upo, kivuli kipo, maji yapo. Lakini kituo kina utaratibu wake, na mwishoni mwenye kumchukua mbwa hupigwa picha amemkumbatia, ili wafadhili waone. Mama akasema kwa adabu kwamba hatakumbatia mbwa, aje nani, asije nani. Dada akasema basi amshike kichwani tu. Mama akasema hapana. Je, wajukuu wakija watacheza naye? Hawatamgusa. Dada akanivuta pembeni ya tenki. Alikuwa na uso wa mtu anayeumia kweli.

"Mwalimu, nyumba ambayo hakuna atakayemshika kabisa, mie nitaripoti nini?" aliniuliza. "Mbwa anahitaji upendo. Siwezi kumwacha hapa."

Nilipandisha sauti, nikamwambia wenye upendo wameshakuja hapa wote na mmoja aliondoka na suruali nusu. Hakunisikiliza. Alitoa kamba kwenye mkoba wake, akaenda kwa mbwa. Na kwa sababu alikuwa na huruma, na huruma ni kitu kibaya ukiwa na haraka, alisahau sharti lake mwenyewe. Aliinama. Akamtazama machoni. Akamwita kwa sauti tamu, akanyoosha mkono.

Mbwa alibweka kwa sauti ambayo sikuisikia hata siku ya mwenye baa. Alirudi nyuma mpaka ukutani, ukuta ukaisha. Akatoka mbio. Mimi nilikuwa nimesimama njiani, nikachuchumaa, nikafungua mikono, maana nilijua sasa ndiyo saa yangu. Alinipita kama upepo.

Mama alikuwa anatoka bombani na kopo lake, amemaliza kutia udhu, adhana ya alasiri ikiita kutoka msikitini. Mbwa alimfikia, akazunguka nyuma yake, akajisukuma mzima kwenye miguu yake, akazamisha uso kwenye dera, mdomo umejaa mate, anatetemeka kiasi kwamba dera lote lilikuwa linacheza. Niliziba mdomo kwa mikono miwili. Nilikwisha kuishi na Waislamu vya kutosha kujua kwamba mate ya mbwa kwao ni najisi, na palipoguswa paoshwe mara saba, mara moja kwa udongo.

Mama hakusogea. Alitazama mbele kama anavyotazama siku zote. Kopo lilikuwa mkononi, midomo inaitikia adhana kimyakimya. Adhana ikaisha na bado amesimama. Nilimwona anavyobana vidole vya miguu kwenye kandambili, na nikajua kila sehemu ya mwili wake inataka kuruka, na haruki.

"Mwanangu," akamwambia dada wa kituo bila kushusha macho, "kaa chini, utazame huko. Unamtisha."

Dada akakaa chini, vumbini, na suruali yake nyeupe. Akatazama banda la mbuzi. Mimi pia nikakaa, na safari hii sikusema kitu. Tulisikia kuku wakiparua. Dera likaendelea kutikisika, kisha likatikisika kidogo, kisha likatulia. Mbwa akatoa uso nje, akapiga chafya, akaenda zake kulala mahali pake kando ya kuku kana kwamba hahusiki. Dada akafuta macho kwa kiganja, akairudisha kamba kwenye mkoba, akafunga zipu. Habari ya picha hakuikumbusha tena.

Alipoondoka, mama alichota udongo safi nyuma ya banda, na mimi nikammiminia maji. Aliosha mguu wake wa kulia, kisha wa kushoto, akihesabu kwa sauti ya chini. Akaenda kubadili, akaswali, akarudi uani na dera lake kwenye beseni, lilikuwa la zambarau, jipya kabisa, la kitenge kizito, akaanza kulifua kwa mpangilio uleule. Nililia pale nilipochutama na sikujificha. Nikamwomba radhi kwa niaba ya mbwa, nikamwambia nitamfunza asirudie, nitamfunga alasiri zote kama ni lazima, najua mapatano yalikuwa asimguse.

Mama alikamua dera, akalikung'uta, akalitundika kambani. Alinyoosha pindo lililokuwa limelowa mate, akaliangalia kwenye mwanga kama limetakata.

"Usimfunge," akasema. "Hili nitaliweka la kutokea. Kuanzia kesho huku uani ntakuwa navaa lile la zamani."